Mteja Tajiri Haogopi Bei: Yaliyonifika Nikiuza Gari la Kifahari la Umeme

Nilikuwa nimeuza magari ya kifahari ya petroli kwa miaka tisa nilipokabidhiwa kazi ya kuongoza uuzaji wa gari la kwanza la umeme ambalo kampuni yetu ililiingiza sokoni kwa ajili ya watu wenye uwezo mkubwa. Nilidhani kazi ni ileile, isipokuwa tangi limeondolewa na betri imewekwa mahali pake. Tulipangiwa kuuza magari 40 katika miezi sita ya kwanza. Tukauza saba, na kati ya hayo mawili yakarudishwa. Ninaandika haya kwa ajili ya yeyote atakayekalishwa kwenye kiti kama nilichokalia, kwa sababu makosa yangu yalikula fedha nyingi na sehemu ya jina langu, na karibu yote yangeepukika kama ningejua mapema nani wa kumuuliza na nini cha kumuuliza.

Kosa la kwanza lilianza mezani, tulipokuwa tukiandika matangazo. Tulikuwa na hoja mbili tu, mazingira na mwendokasi. Ukurasa wa kwanza wa kijitabu chetu ulijaa majani mabichi, na wa pili ulijaa sekunde. Wakati ule kila mwenye gari la umeme la bei ya juu alijipima na Porsche Taycan Turbo S iliyotoka mwaka 2019, ambayo hufikia kilomita 100 kwa saa ndani ya sekunde 2.8, nami nilitaka tarakimu yetu isimame karibu na hiyo. Kisha tukafanya sherehe ya uzinduzi iliyomeza karibu theluthi moja ya bajeti ya mwaka mzima. Walikuja wageni zaidi ya 200, wakapiga picha, wakakalia viti vya ngozi, wakasifu, wakaondoka. Kwa wiki tatu zilizofuata simu nilizopokea zilikuwa za watu wanaoomba picha zao.

Aliyenifungua macho alikuwa mama mmoja mfanyabiashara ambaye nilikuwa nimemuuzia magari matatu huko nyuma, na ambaye kwa hiyo hakuona sababu ya kunionea haya. Nilimpelekea kijitabu ofisini kwake, nikamweleza habari za hewa safi na vizazi vijavyo. Alikifunga polepole, akakirudisha upande wangu wa meza. “Mwanangu,” akaniambia, “unaniuzia gari au unaniuzia dawa ya dhambi?” Alikuwa na magari manne tayari. Kumwambia mtu wa namna hiyo kwamba akinunua la tano ataiokoa dunia ni kumdharau akili. Zile sekunde hakuzitaja kabisa, na nilipozitaja mimi aliniuliza kwa upole ni wapi hasa ninapotaka yeye awahi.

Nilitoka pale nimenywea. Ilinibidi nirudi kusoma historia ya bidhaa ninayoiuza, jambo ambalo nilipaswa kulifanya kabla ya sherehe. Mwanzoni mwa karne iliyopita magari ya umeme yalikuwa tayari yakinunuliwa na matajiri wa Marekani, na hakuna aliyewaeleza habari za mazingira. Clara Ford, mke wa Henry Ford ambaye ndiye aliyelitia gari la petroli mikononi mwa watu wa kawaida, aliendesha gari la umeme la Detroit Electric. Sababu ilikuwa nyepesi: gari la petroli la siku zile liliwashwa kwa kuzungusha mpini kwa nguvu, lilinuka na lilipiga kelele, ilhali la umeme liliondoka kimya bila kumchafua mtu nguo. Cadillac ilipoanza kuuza magari yenye kiwashio cha umeme mwaka 1912, mpini ukaanza kutoweka, na faida kubwa ya gari la betri ikatoweka nao. Charles Rolls naye, mmoja wa waasisi wa Rolls-Royce, alilisifu gari la umeme mwaka 1900 kwa utulivu na usafi wake, lakini aliona kwamba tatizo lingekuwa mahali pa kuchaji. Kampuni iliyobeba jina lake ilianza kuwakabidhi wateja gari lake la kwanza la umeme, Spectre, mwaka 2023. Niliposoma hayo nilijiona mjinga. Mambo yote mawili niliyopaswa kuyajua, yaani kinachomvuta mteja tajiri na kinachomtisha, yalikuwa yamekwisha kusemwa miaka zaidi ya 120 kabla yangu.

Tukatupa kijitabu, tukaanza upya na utulivu. Huo nao una mtego wake. Katika gari la petroli mngurumo wa injini hufunika mambo mengi. Katika gari la umeme kila kitu husikika. Siku moja nilikuwa na mteja muhimu katika gari la majaribio, na kalamu iliyosahauliwa ndani ya mfuko wa mlango wa nyuma ikawa inagonga, tiki, tiki, kila tulipopita penye bonde. Mteja alitumia dakika ishirini kuitafuta sauti ile huku mimi nikitaja sifa za spika. Tangu siku hiyo hakuna gari lililotoka kwa majaribio kabla mtu hajakagua mifuko yote, mkanda wa kila kiti na upepo wa matairi, kwa sababu matairi na upepo ndizo kelele pekee zinazobaki.

Majaribio yenyewe tulikuwa tukiyaendesha vibaya. Gari la umeme linapoachiwa kanyagio la mwendo, mota hugeuka kuwa jenereta: inarudisha umeme kwenye betri na wakati huohuo inalipunguza gari mwendo. Nguvu hiyo ikiwekwa juu, mtu asiyezoea huendesha kwa mishtuko, na anayeumia ni yule aliyekaa nyuma. Kijana wetu wa mauzo, ambaye mimi mwenyewe nilimwagiza aonyeshe uwezo wa gari, alimrusha mbele na kumrudisha nyuma mke wa mteja mmoja hadi baada ya dakika kumi akaomba gari lisimamishwe, akashuka akiwa ameshika tumbo. Mumewe alinishukuru kwa adabu, na sikumwona tena. Baadaye tulipanga hivi: mfumo wa kurudisha umeme uwekwe chini kabisa, gari liwe katika hali ya mwendo laini, na mteja mwenye kawaida ya kuendeshwa aanze kwa kukaa nyuma, maana ndipo atakapoishi. Anayependa kasi huiomba mwenyewe, na kwa wateja wetu maombi hayo yalikuwa machache kuliko nilivyotarajia. Tuliacha pia kuchagua barabara nyororo tupu. Tulipita kwenye foleni, tukapita penye lami mbovu, na tulimalizia kwenye maegesho ya nyumbani kwa mteja.

Huko kwenye maegesho ndiko nilikopata fedheha ambayo sitaisahau.

Mwezi wa nne tulimuuzia gari mzee mmoja anayeheshimiwa sana na wenzake. Nilifurahi kwa sababu nilijua kwamba akiridhika, marafiki zake watafuata. Chaja ya kilowati 11 ilifungwa nyumbani kwake na mkandarasi tuliyemchagua kwa sababu alikuwa nafuu kuliko wengine wawili. Alipima waya, hakupima nyumba. Wiki mbili baadaye, Jumamosi jioni, mzee alikuwa na wageni kumi na wanne mezani. Viyoyozi vilikuwa vikifanya kazi, majiko ya umeme yamewashwa, pampu ya bwawa la kuogelea inavuta, na gari likaingia likachomekwa. Swichi kuu ikajizima. Nyumba nzima ikawa giza. Wakairudisha, taa zikawaka kwa dakika chache, ikajizima tena, na hakuna aliyefikiria gari kwa sababu hakuna aliyeambiwa kwamba gari linakula umeme kiasi gani. Saa tatu usiku simu yangu ikaita. Mzee hakupaza sauti. “Kijana,” alisema, “umenizimia taa mbele ya wageni wangu.” Kisha akakata.

Jumatatu gari lilirudi. Tulimrudishia fedha zake zote, na gari lenyewe sasa lilikuwa limetumika, kwa hiyo thamani yake ilikuwa imeshuka; hasara hiyo iliandikwa kwenye mahesabu na ikasahaulika. Ambayo haikuandikwa popote ni kwamba sita kati ya wageni wale walikuwa kwenye orodha yangu ya watu wa kuwapigia. Niliwapigia, na ukawa mwaka wa kuambiwa kwamba mheshimiwa yuko kwenye kikao.

Nilikwenda mwenyewe na fundi kuiondoa chaja, kwa kuwa niliona aibu kumtuma mtu mwingine. Dereva wa mzee alitushikia tochi. Fundi alipokuwa akifungua skrubu za mwisho, dereva alisema, kama mtu anayezungumzia hali ya hewa, “Mkuu, hapa pampu ikiwaka pamoja na majiko, swichi hujizima hata bila gari. Tumezoea.” Nikamuuliza kwa nini hakutuambia siku tulipokuja kufunga. Alinitazama kidogo kabla ya kujibu. “Hakuna aliyeniuliza.”

Ukweli ni kwamba siku ile ya kufunga nilimpita mlangoni bila hata kumsalimu vizuri.

Kama kuna jambo moja la kuchukua kutoka kwenye simulizi hii kwa vitendo, lichukue hili la umeme wa nyumbani. Usipokee amana kabla fundi umeme mwenye leseni hajakagua nyumba, na fundi huyo apime mzigo wa nyumba nzima saa ambazo matumizi ni makubwa. Uliza kama nyumba ina fezi moja au tatu, yaani ni njia ngapi za umeme zinazoingia ndani. Weka kifaa cha kusawazisha mzigo, ambacho huipunguzia chaja nguvu pale nyumba inapohitaji umeme mwingi, na panga uchaji uanze usiku wa manane. Mpe mteja hesabu anayoielewa: betri ya kilowati-saa 100 ikichajiwa kutoka asilimia 10 hadi 80 inahitaji kilowati-saa 70, ambazo kwa chaja ya kilowati 11 ni kama saa saba ukihesabu na umeme unaopotea njiani. Kwenye soketi ya kawaida ya ukutani, inayotoa kilowati mbili na kidogo, kazi hiyohiyo huchukua zaidi ya saa thelathini, na mteja anayeligundua hilo peke yake usiku atakuchukia. Anayeishi kwenye ghorofa yenye maegesho ya pamoja apate kwanza kibali cha maandishi kutoka kwa wasimamizi wa jengo. Tulimkatalia mteja mmoja kwa sababu hiyo, na bosi wangu alikasirika kwa siku mbili. Gharama za ukaguzi tulizibeba sisi. Nilipiga hesabu baadaye nikaona kwamba fedha za sherehe ile moja zingetosha kuwalipa mafundi wakague nyumba za wateja wetu wote kwa miaka mingi.

Baada ya giza la Jumamosi ile nilianza kuelewa kwamba mtu mwenye fedha haogopi bei. Anachoogopa ni kuaibika: kukwama njiani akiwa na wageni, kuulizwa na wenzake kwa nini alinunua kitu kile, kuonekana ametapeliwa. Tangazo lolote lisilogusa hofu hiyo analipita kama anavyopita bango la sabuni.

Masafa, yaani umbali ambao gari huenda kwa betri iliyojaa, ni mfano mzuri. Kijitabu chetu kilikuwa na idadi ya kilomita iliyotokana na vipimo rasmi, nami niliichapisha kwa herufi kubwa kwa sababu Lucid Air, gari la kifahari la umeme kutoka Marekani, ilikuwa imewafanya wateja wazungumzie masafa kila walipokaa. Mwaka 2021 gari hilo lilipewa kiwango rasmi cha maili 520, takriban kilomita 837, na mamlaka ya mazingira ya Marekani. Mteja wetu mmoja aliisoma idadi yetu, akajaza betri, akasafiri na familia kwa mwendo wa kilomita 130 kwa saa, na akajikuta anatafuta kituo cha kuchaji mapema sana kuliko alivyopanga. Hakudanganywa kisheria. Hata hivyo upinzani wa hewa hukua kwa kipeo cha pili cha mwendo, kwa hiyo ukitoka 100 kwenda 130 unaongezeka kwa karibu asilimia 70, na baridi nayo huipunguzia betri uwezo. Mimi nililijua hilo. Yeye hakulijua, na gari lake ndilo la pili katika yale mawili yaliyorudishwa.

Tukaanza kutoa idadi mbili. Ya kwanza ni ile rasmi, pamoja na jina la kipimo, kwa kuwa WLTP, kipimo kinachotumika Ulaya, kwa kawaida hutoa kilomita nyingi kuliko kipimo cha Marekani kwa gari lilelile. Ya pili tuliipata wenyewe: watu wanne ndani, kiyoyozi kimewashwa, mwendo wa barabara kuu, kutoka asilimia 80 hadi 10, kwa sababu hivyo ndivyo gari linavyotumika safarini, ukipita 80 kwenye chaja ya haraka kasi ya kuchaji hupungua sana na kusubiri kunakuwa upotevu wa muda. Idadi ya pili ilikuwa ndogo kiasi cha kutia uchungu. Idara ya matangazo ilisema itatufukuzia wateja. Mteja wa kwanza kuonyeshwa aliikodolea macho, akauliza maswali mawili, akatia sahihi wiki iliyofuata.

Kuhusu madereva nitasema kwa kirefu kidogo, maana niliwadharau na niliadhibiwa. Katika nyumba nyingi za wateja wetu, mtu anayelijua gari ni dereva. Ndiye atakayelichomeka, ndiye atakayelaumiwa likiisha umeme, na ndiye atakayeulizwa garini, bosi akiwa nyuma, “Hili unalionaje?” Akisema “ni zuri, mzee, lakini…” umekwisha. Tulianzisha mafunzo ya nusu siku kwa ajili yao tu, bila waajiri wao. Tuliwafundisha kupanga safari kwa vituo, kupasha au kupooza gari likiwa bado limechomekwa ili nguvu hiyo isitoke kwenye betri, kutoa kebo inapogoma, na kuendesha kwa kanyagio bila kumtikisa abiria. Walikuja na maswali ambayo wahandisi wetu hawakuyafikiria, likiwamo la kuosha gari: je, tundu la kuchajia laweza kupigwa maji ya presha? Mtu aliniambia tuwape na bahasha. Nilikataa, kwani habari hiyo ingewafikia waajiri wao kabla ya jioni.

Mwingine ambaye hatukumkumbuka ni mhasibu. Januari 2023, Tesla ilipopunguza bei za magari yake katika masoko kadhaa, simu zilianza kuita kwetu ingawa hatukuuza gari la Tesla hata moja. Wahasibu wa wateja walitaka kujua gari letu litakuwa na thamani gani baada ya miaka mitatu, na sikuwa na jibu. Waranti ya betri ya miaka minane au kilomita 160,000, inayohakikisha uwezo usishuke chini ya asilimia 70, ambayo ni ya kawaida kwa watengenezaji wengi, tulikuwa tumeificha ukurasa wa mwisho kwa herufi ndogo. Mhasibu huanzia hapo. Jibu lililowatuliza lilikuwa ukodishaji wa miaka mitatu wenye haki ya kulirudisha gari kwa thamani iliyoandikwa tangu siku ya kwanza. Tulibeba hatari hiyo sisi, na sijui kama tuliipima vizuri.

Kabla ya kufika hapo nilikuwa nimekwisha kufanya kosa la mwisho kubwa: mwezi wa nane, tukiwa na magari yaliyolala ghalani, nilitangaza punguzo. Wanunuzi watano waliobaki waliliona tangazo kama kila mtu. Nilimpigia kila mmoja mwenyewe, nikawaongezea muda wa matengenezo ya bure, na mmoja aliniacha nizungumze hadi mwisho kisha akauliza, “Umemaliza?”

Hadi mwezi wa kumi na nane tulikuwa tumeuza magari 31, yaani chini ya lengo la miezi sita ya kwanza. Sikupandishwa cheo, wala sikufukuzwa. Matangazo tunayotoa sasa ni machache, na fedha nyingi huenda kwa mafundi, kwa mafunzo na kwa gari la akiba linalopelekwa kwa mteja ndani ya saa mbili la kwake likipata hitilafu.

Mwezi uliopita nilipigiwa simu na namba nisiyoijua. Alikuwa dereva wa yule mzee, ambaye sasa anafanya kazi kwa mwajiri mwingine. Alinisalimu, nami safari hii nikamuuliza hali yake, watoto, na kazi mpya, kabla ya lolote. Akasema bosi wake wa sasa ameanza kuulizia lile gari letu. “Lakini usije na gari kwanza,” akaniambia. “Njoo na fundi. Na mje jioni, pampu zikiwa zimewashwa.”